Nilizidi Kuumwa Baada ya Kuanza Dawa

Nilianza dawa za kufubaza VVU (ARV) mwaka 2006, hapa Iringa, seli zangu za kinga, CD4, zikiwa 64. Serikali ilikuwa imeshaanza kuzitoa bure, ila hukupewa mpaka CD4 zishuke chini ya 200 au uwe umeugua sana. Mimi nilikuwa na yote mawili. Mkanda wa jeshi ulikuwa umenibabua ubavuni, na utando mweupe ulinijaa mdomoni hata uji ulinishinda kumeza.

Wengi husimulia jinsi dawa zilivyowainua. Mimi nilianguka kwanza. Wiki chache tu homa ikapanda, tezi za shingo zikavimba mpaka nikashindwa kugeuza kichwa. Majirani wakanong'ona kwamba dawa ndizo zinazonimaliza. Dada yangu, aliyekuwa akiniuguza usiku na mchana, akanisihi nizitupe. Simlaumu, alikuwa ameshazika wengi.

Kliniki, daktari alinipapasa shingo, akavuta usaha kwa sindano, ukapimwa. Ilikuwa TB ya tezi. Akatukalisha wote wawili. "Mama, TB hii ulikuja nayo. Ilitulia kwa sababu mwili haukuwa na askari wa kuikabili. Sasa wanarudi, wameikuta ndani, na vita yao ndiyo hii homa."

Akatueleza kuwa CD4 ndizo zinazoongoza kinga, na kirusi huingia humohumo na kuzitumia kujizalisha. ARV hukizuia kisizaliane, seli zikapata nafuu. Miezi ya mwanzo, zile zilizobanwa kwenye tezi hurudi katika damu; mpya huzaliwa taratibu, kwa miaka. Dada yangu hakuzungumza tena habari ya kutupa dawa. Yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha saa ya kumeza.

ARV hazikusimamishwa. Nilianzishiwa dawa za TB, na nevirapini, mojawapo ya ARV zangu, ikabadilishwa kwa efavirenzi, kwa kuwa rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huipunguza nguvu nevirapini. Efavirenzi iliniletea ndoto za kutisha, lakini homa ilikwisha na shingo ikanywea. Mwaka uliofuata CD4 zilifika 210, na kufikia 2012 zilikuwa 480. Miaka sita! Kinga iliyobomoka haijengeki kwa pupa.

Sasa nameza kidonge kimoja kwa siku, chenye dolutegraviri ndani yake, na kwenye kipimo virusi havionekani. Havijaisha. Vimejificha ndani ya seli zilizolala, na nikiacha dawa vitaanza kuzaliana tena ndani ya wiki chache.

Tangu 2016 Tanzania haisubiri CD4 zishuke. Ukikutwa na VVU unaanzishiwa dawa. Lakini wapo wanaochelewa kupima, na hao ndio yanayowakuta yaliyonikuta mimi. Ndugu yangu, ukianza dawa kisha ukaona homa, kikohozi au uvimbe, usiziache kwa maneno ya jirani. Rudi kliniki siku hiyohiyo, ukapimwe TB.