Fundo Lisilofunguliwa Dukani: Matembezi Katika Soko la Idi, Mombasa

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, Mombasa haina usiku. Waliotoka kuswali tarawehe huteremka barabara ya Digo kwa makundi, akina mama wamewashika watoto mikono, na wengi wao huishia pahali pamoja: mtaa wa Biashara, ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Bazaar Street. Taa za maduka huwaka mpaka daku ikaribie, na sauti za wauzaji hupishana juu ya vichwa vya wapita njia. Wiki hii twamwalika msomaji atembee nasi katika mtaa huu, kisha tuvuke daraja hadi Kongowea, tutazame jinsi nguo za Idi zinavyonunuliwa, na jinsi familia inavyoweza kurudi nyumbani na nguo njema bila ya kurudi na deni.

Kwanza tuondoe shaka moja. Kujipamba siku ya Idi si upuuzi. Tumefunzwa kuoga na kuvaa vazi zuri kabla ya kuelekea kwenye sala. Lakini linalopendekezwa ni vazi bora katika yale aliyo nayo mtu, wala halikushurutishwa kuwa jipya. Kanzu ya mwaka jana iliyofuliwa vyema na kupigwa pasi yatosha. Dini hiyo hiyo imekataza israfu, na imetutaka tutoe Zakatul-fitr kabla ya sala ya Idi, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, hata mtoto mchanga. Basi pesa ya kwanza kutengwa ni hiyo. Ya pili ni ya chakula cha nyumbani. Ya duka la nguo huja baadaye.

Tukiingia mtaa wa Biashara kutokea barabara ya Digo, si mbali na Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914, macho hupokewa na leso. Zimetundikwa milangoni, zimekunjwa rafuni, zimetandazwa juu ya meza. Hapa ndipo lilipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, ambalo leso zake hujulikana pwani nzima kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, na mnunuzi huvikata na kuvipinda mwenyewe au kwa fundi. Ina pindo, ina mji, na ina jina, na mama wa Mombasa hataji bei kabla ya kulisoma jina. Ni desturi njema, kwani leso ya kupelekewa mkwe au wifi siku ya Idi husema kwa niaba ya aliyeileta.

Hata hivyo, jina zuri lisimsahaulishe mtu kitambaa. Leso nyingine zimetiwa wanga mwingi ili zionekane nzito. Zikifuliwa mara ya kwanza hubaki nyepesi kama chachi. Chukua pembe ya leso uisugue baina ya vidole: ikitoa unga, huo ni wanga. Kisha iinue mbele ya taa utazame nyuzi zilivyoshikana. Ukiwa na kitambaa cheupe chenye majimaji, kipitishe juu ya rangi nyekundu au nyeusi. Ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye nguo nyingine ndani ya beseni.

Katika maduka ya vitambaa vya kukata, swali la kwanza lisiwe bei, bali kipimo. Baadhi ya maduka hupima kwa yadi na mengine kwa mita. Yadi 1 ni sentimita 91 na ushei, kwa hivyo katika kitambaa cha yadi 5, tofauti yapita sentimita 40, na hiyo yaweza kuwa mikono miwili ya nguo ya mtoto. Swali la pili ni upana. Kitambaa cha inchi 60 chahitaji urefu mdogo kuliko cha inchi 45 kwa kanzu ile ile, na huenda kile kinachoonekana ghali ndicho rahisi. Swali la tatu ni aina. Omba uzi mmoja, ukauchome nje ya duka. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Wa poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu. Kwa joto la pwani yetu, mtoto atakayecheza jua kali tangu sala ya Idi mpaka alasiri hatamshukuru aliyemvisha poliesta tupu. Na kitambaa cha pamba kirowekwe kabla ya kushonwa, kwani hupungua kikifuliwa mara ya kwanza.

Ndani ya duka moja la nguo za watoto tulimwona mama aliyekuja na watoto watatu. Binti yake mkubwa alikuwa ameng'ang'ania gauni lenye vimetameta kifuani. Mama alikuwa na pesa zake katika leso, si kwa fundo moja bali kwa mafundo matatu. Alifungua la kwanza, akahesabu, zikapungua. Kijana wa duka akayaona yale mengine mawili.

"Mama, si bado zipo hapo? Nikupunguzie kidogo umalize."

"Hili ni la fitri, mwanangu, na hili ni la chakula. Hayafunguliwi hapa."

Alisema kwa upole, bila ya kupandisha sauti wala kuona haya. Kijana alinyamaza kidogo, akaingia nyuma ya duka, akarudi na gauni jingine, la kitambaa kizuri zaidi na lisilo na vimetameta. Binti alilijaribu. Halikuwa lile alilolitaka, na uso wake ulionyesha hivyo, lakini lilimkaa, na upindo wake wa chini ulikuwa mpana kiasi cha kuweza kuteremshwa mwaka ujao. Wakalipa kutoka fundo lile lile la kwanza, wakaenda zao.

Twaamini kwamba mama yule alishanunua nguo kabla ya kutoka nyumbani kwake. Aliyoyafanya dukani yalikuwa ni kutekeleza tu. Mwenye kuingia mtaa wa Biashara na pesa zote katika mfuko mmoja huzigawa mbele ya muuzaji, mbele ya mtoto anayelia, na mbele ya jirani aliyekwisha kununua. Mgao wa namna hiyo hauwi wa haki kwa nyumba.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye baraza ya fundi cherehani, mzee mmoja alimfikia fundi na kitambaa cheupe cha kanzu. Ilikuwa usiku wa 27. Fundi alimwonyesha rundo lililofika kiunoni.

"Ami, kuipokea naweza. Lakini nitakuwa nimekudanganya, na Idi itakukuta bila kanzu."

Mafundi wakweli kama huyu wapo, ila si wote. Kazi ya kushona ipelekwe Shaaban, au mwanzo wa Ramadhani kwa kuchelewa. Ukilipa arbuni, andikiwa karatasi yenye kiasi ulicholipa, kiasi kilichobaki, na siku ya kuchukua.

Kwa wale ambao bei za mjini hazikuwafaa, njia ipo. Ukipita Buxton na kuvuka daraja la Nyali, wafika Kongowea, soko kubwa ambako nguo za mitumba hufunguliwa kutoka marobota na kumwagwa mezani. Hakuna aibu katika mtumba. Shati la pamba lililoshonwa kwa mkono mzuri laweza kudumu kuliko jipya la bei hiyo hiyo. Tazama ukosi, makwapa, zipu na mishono ya ndani. Iinue nguo dhidi ya mwanga utafute matundu. Kisha ifue kwa maji moto na sabuni, uianike juani na kuipiga pasi kabla ya mtoto kuivaa. Asubuhi ya Idi, hakuna atakayejua ilikotoka.

Usiku mgumu kuliko yote ni ule wa 29. Mji mzima husubiri habari ya mwezi. Ukiandama, Idi ni kesho, na waliokuwa wamebakisha manunuzi humiminika mtaani kwa pamoja. Saa hizo mnunuzi hana nafasi ya kusugua leso, kuuliza yadi wala kumjaribishia mtoto viatu. Huchukua kilichobaki, kwa bei atakayotajiwa, na wezi wa mifukoni nao huwa kazini. Anayenunua Shaaban hulipia nguo peke yake. Anayenunua usiku wa mwezi hulipia nguo, na hulipia pia haraka yake.

Idi ni siku moja, na Shawwal ina siku zake za kodi na karo. Mtoto atasahau upesi vimetameta vya gauni, lakini nyumba haisahau deni linalobishiwa hodi wiki ya pili. Basi kabla ya kuteremka barabara ya Digo, baba na mama waketi pamoja, wafunge mafundo yao, na wawaeleze watoto kila fundo ni la nini. Mwenyezi Mungu atufikishe Idi kwa salama, na atujaalie kuivaa neema Yake bila ya kuifuja.