Idi za Kubebwa Kiunoni

Wiki moja kabla ya Idi, mpwa wangu alinijia na simu mkononi na mwanawe kiunoni. Mtoto ana miaka miwili na kidogo, hakai kitako, na kila akivalishwa kiatu hukivua. Mamake alikuwa ameandika orodha ya mahali pa kumpeleka sikukuu, siku kwa siku na saa kwa saa, kama ratiba ya waziri. Pa kwanza palikuwa Mama Ngina Waterfront. "Mjomba," akaniuliza kwa adabu zake zote, "kabla hawajapajenga pale, palikuwa na nini? Msitu?"

Mamake yeye ndiye mtoto niliyekuwa nikimbeba kwenye huo msitu.

Sikatai kwamba serikali imepajenga. Oktoba 2019, Sikukuu ya Mashujaa, pakafunguliwa upya, na leo pana malango yenye nakshi, ngazi, vibanda vilivyopangwa mstari na uwanja wa sherehe. Lakini mibuyu ile haikupandwa 2019. Wakati wa Mwingereza paliitwa Azania Drive, kisha barabara ikapewa jina la Mama Ngina, na sisi watu wa mji hatukulijali hilo wala lile. Tulisema "twenda Lighthouse," basi. Hata mtoto asiyejua kusema, akiona mkeka umekunjwa na birika la chai limefungwa kitambaa, alikuwa ashajua, na ashaanza kulia abebwe.

Ninayo picha ya dada yangu tuliyopigwa studio siku ya sikukuu. Amevaa gauni la lesi na viatu vyeupe vya plastiki, uso umejaa machozi, nami nimemshika huku kanzu yangu imevutwa upande na doa jekundu la ubuyu limekaa kifuani. Nyuma imeandikwa kwa kalamu: Idi 1981. Mama hukataa. Anasema siku ile kulikuwa na joto la kaskazi, la kukausha koo. Nimehesabu: mwaka huo Idi ya Mfunguo Mosi iliandama mwanzo wa Agosti, katikati ya kusi, wakati wa manyunyu na upepo. Huenda picha ni ya mwaka mwingine. Huenda joto analolikumbuka lilikuwa la jikoni. Liwe liwalo.

Kwetu Kibokoni, siku ya Idi mtoto mdogo alikuwa mtaji. Tukitoka kuswali tulipita nyumba kwa nyumba kusalimia na kupewa Idi zetu, na wazee walikuwa na desturi ya kutoa sarafu kwa kila kichwa. Ukiingia peke yako wapata moja. Ukiingia na mdogo wako kiunoni wapata mbili, na ya pili, kwa kuwa mwenyewe hana mfuko wala hajui kuhesabu, huwekwa kwako kwa amana. Amana hiyo haikuwa na siku ya kurudishwa. Ndiyo maana wavulana walioona haya kubeba watoto mwaka mzima waligombea kuwabeba siku hiyo. Niliwahi kumwona mwenzangu akiomba kuazimwa mtoto wa jirani.

Fedha hizo zilikwenda Makadara. Uwanja ule siku za kawaida ulikuwa vumbi na mpira. Sikukuu zikifika, jioni baada ya alasiri, hujaa pembea, wauza puto, wauza miwani ya plastiki na saa zisizotembea, viazi karai, mabuyu, barafu za rangi zilizokuacha na ulimi wa buluu. Yote hayo wasomaji wa rika langu wanayajua. Ninayetaka kumsema ni mzee wa pembea.

Sijui jina lake kamili na sidhani kama mtoto yeyote alilijua. Alikuwa mwembamba, kofia yake ya kiua imegeuka rangi ya chai, na msuli aliufunga juu kuliko watu wengine, karibu na mbavu. Pembea yake ilikuwa ya mbao nzito zilizopakwa kijani, gurudumu lililosimama na visanduku vya kukalia, na haikuwa na injini. Vijana wawili wenye vifua ndio waliokuwa injini. Mmoja hurukia mkono wa juu, hujining'iniza akashuka nao hadi chini kwa uzito wake, na mwenzake hudaka mkono unaofuata. Ikishika kasi walikuwa wanausukuma tu kwa viganja, wakiimba na kututania. Ilikuwa ikilia, ile pembea. Kilio chake kilisikika hadi barabarani, nasi tulikijua kilio cha kutaka grisi na kilio cha kuelemewa. Mzee alikuwa na kopo la grisi nyeusi chini ya kiti chake, akiipaka kwa kijiti, na mpaka leo nikipita penye gereji, puani hunijia udi wa mabuibui, vumbi, na mafuta ya mihogo, ingawa pale gereji hakuna chochote katika hivyo.

Kwenye nguzo alikuwa ametundika leso kuukuu, tatu au nne. Ukifika na mtoto mdogo, kwanza hakuulizi pesa. Anakuuliza, "Huyu wa nani?" Unamtajia mama, unamtaja na bibi ikibidi, mpaka uso wake uonyeshe ameridhika. Ndipo anachukua leso, anamkalisha mtoto mapajani pako, anazungusha leso viunoni mwenu nyote wawili na kufunga fundo nyuma, mahali usipofikia. Asiyejua kusema halipi. Akilia pembea ikiwa juu, mzee huinua mkono na vijana huipunguza taratibu, maana ukiisimamisha ghafla visanduku huyumba. Wakubwa tukapiga kelele tumedhulumiwa mzunguko. Yeye hakuwa na habari nasi.

Swali lile la "huyu wa nani" nililiona udaku wa kizee. Lakini jioni moja mtoto wa jirani yetu, wa umri wa huyu mjukuu, alimponyoka dadake katika msongamano. Kabla dada hajamaliza kulia, mzee alishatuma kijana mmoja Kibokoni, mlango ule hasa, na mwingine kwa muuza kahawa aliyeketi kwenye njia ya kurudi. Mtoto akakutwa kwa muuza kahawa, amekalishwa kwenye benchi, anakula kashata. Muuza kahawa naye alikuwa ameshauliza swali lilelile, na kwa vile mtoto hakujua kulijibu, alikuwa amemzuia tu hapo mpaka atokee mtu wa kulijibu.

Lighthouse ilikuwa ya kutulia. Huko tulikwenda na wakubwa, Idi ya tatu au ya nne, wakati wanawake nao wamepata nafasi. Mkeka hutandikwa chini ya mbuyu, watoto huwekwa katikati, na wanaume hukaa pembeni wakitazama bahari kana kwamba ni yao. Mihogo ilikaangwa palepale kwenye karai, ikapasuliwa katikati, ikatiwa chumvi, pilipili na kukamuliwa ndimu. Mtoto alipewa kipande cha ndani kisicho na pilipili, na kila mara kulikuwa na mjomba mkorofi wa kumpa cha nje. Halafu meli. Mlango wa bahari pale ni mwembamba, meli ya kwenda Kilindini yapita karibu mno hata waona mabaharia na nguo walizoanika. Dada yangu alikuwa akizipungia mkono zote, na ikitokea baharia mmoja akampungia naye, siku hiyo imetosha. Hakuna aliyempangia. Meli ilikuja au haikuja.

Isipokuja, tulimpandisha feri. Wa miguu halipi, tangu hapo na hata sasa, kwa hiyo tulivuka Likoni na kurudi bila kuwa na shughuli Likoni. Kwa mtoto wa miaka miwili hakuna sinema inayoishinda: lango linashuka, magari yanaingia, ardhi inaondoka.

Miaka iliyofuata imenipita kama basi lisilo na kituo. Zikaja feri mpya mwaka 1990. Nikaoa, nikapata wangu, na wangu nikawapeleka Bamburi kwenye machimbo ya saruji yaliyogeuzwa msitu wa mivinje, wakalishe twiga kwa mkono. Desemba 2004, baada ya tsunami, kiboko mchanga aliokolewa karibu na Malindi na kuletwa hapo, wakamwita Owen, akamng'ang'ania kobe mzee wa zaidi ya miaka mia aitwaye Mzee, na mji mzima ukataka kwenda kuwatazama. Watoto wangu walikuwa wameshakua na kujifanya hawajali, wakaenda na kujifanya hawakwenda. Ufuo wa Pirates ukawa wa tyubu za kukodi, ngamia na wapiga picha. Treni mpya ilipoanza 2017, Desemba ikawa si yetu tena, familia za bara zateremka na watoto wasiowahi kuona bahari. Kwa hao sinung'uniki. Mtoto anayeguswa na wimbi la kwanza miguuni, uso wake ni uleule, awe wa Kibokoni au wa Nyeri.

Ninachonung'unikia ni hiki kingine. Idi iliyopita mpwa wangu alituchukua hadi jengo moja la maduka, juu, kwenye chumba cha michezo ya watoto. Mlangoni msichana akamfunga mtoto utepe wa karatasi wenye nambari, nami nikafungwa wenye nambari ileile, ili tusije tukaibiana. Hakuna aliyeuliza huyu wa nani. Bei ni ya nusu saa. Kisha akatazama miguu ya mtoto: "Soksi ni lazima." Soksi! Mombasa, siku ya Idi, mtoto amevaa kanzu na makubadhi. Zilikuwepo za kuuzwa, bila shaka, kwenye kaunta hiyohiyo. Ndani kulikuwa na mipira ya plastiki, kitelezeo, muziki wa kupasua kichwa, na kila mtoto na mzazi wake mmoja nyuma yake, mgongo umeinama, simu imeinuliwa. Watoto hawakujuana na wazazi hawakusalimiana. Mvulana wetu alimpokonya mwenzake mpira, mama wa yule akamtazama mpwa wangu, mpwa wangu akasema samahani kwa Kiingereza. Mtaani kwetu angepigwa kofi dogo na mtu yeyote aliye karibu, kisha akapewa pipi na mtu huyohuyo.

Nusu saa ilipokwisha utepe ukakatwa kwa mkasi. Mtoto alikuwa anacheka na hataki kutoka, hilo nalisema kwa kuwa nililiona. Alikuwa amefurahi kweli. Mamake ndiye aliyekuwa amechoka hoi, maana kwa nusu saa hiyo hakukuwa na mtu mwingine duniani wa kumshikia.

Haya yote nilimweleza mama juzi, nilipompelekea tende. Nilimweleza kwa uchungu, na nadhani kwa kirefu. Alinisikiliza huku akichagua mchele, kazi ambayo amekatazwa na daktari wa macho.

"Nyinyi mwasema Makadara, Makadara," akasema alipochoka. "Mimi Makadara nikiisikia dirishani. Hiyo pembea sijaipanda hata siku moja."

Nikamwambia nilidhani kina mama walikuwa wakienda usiku.

"Usiku nilikuwa naosha masufuria. Wageni wa babako waliingia tangu asubuhi, pilau la kwanza halijaisha walishaanza kuuliza biriani. Sasa mtoto wa miaka miwili nitamweka wapi, karibu na jiko? Tuliwatoa nje mkawabebe ili tupike, si ili wafurahi. Kama walifurahi, alhamdulillahi."

Nikamkumbusha Idi ya tatu, mkeka, mbuyu. Akakubali kwamba huko alikwenda, na kwamba alikuwa akilala. Meli hazikumbuki. Anakumbuka kuegemea mzizi, mtoto yuko kwa mtu, hajui kwa nani, na kwamba hakuna aliyemwamsha mpaka magharibi.

Akarudi kwenye mchele wake. Baada ya punje kadhaa akauliza, "Huko kwenye soksi, pana viti vya watu wazima?"

"Vipo, Mama. Vya mito."

"Na baridi ile ya mashine?"

"Ipo."

"Basi mwambie huyo msichana wenu mimi naja siku ya kwanza. Nambari yangu ni tano, na zisiwe za nailoni."