Harusi Nzima, Vipande Vitatu

DVD ya harusi haikuwa ya kuguswa na kila mtu. Ilikaa kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe vya wageni na albamu ya picha, ndani ya kasha lenye sura za bwana na bibi harusi waliozungushiwa maua na mioyo, na siku alipofika mgeni wa mbali mama aliichomoa kwa ncha za vidole, akaipuliza, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaiweka kwenye ule ulimi wa deki uliotoka taratibu na kurudi ndani ukikereza, nasi watoto tukakalishwa mkekani, mtu asipite mbele ya TV. Saa mbili, saa tatu. Hakuna kuruka.

Mpiga video wa siku hizo hakuwa mchoyo. Aliwasha taa yake kali, kijana akimfuata nyuma na waya, akaingia nayo kila mahali: chumbani bibi harusi anapopakwa hina, barazani wazee wanaposubiri nikahi huku wakitazama saa zao, uani moshi unapowatoa machozi kina mama wanaogeuza pilau. Kisha akapiga taarabu juu ya yote, wimbo uleule kutoka hina mpaka keki. Tuliulalamikia urefu wa video, na bado tulijua nani anapita baada ya nani.

Sasa deki zimekufa. Kompyuta mpakato nyingi mpya hazina hata tundu la kuingizia DVD. Ndugu wanataka vipande vitatu tu: kuingia ukumbini, kukata keki, kutunzwa.

Kuvitoa si kazi ngumu. Unanunua kisomeo cha nje cha kuchomeka kwa USB, unafungua DVD, unakuta folda ya VIDEO_TS na ndani yake mafaili ya VOB. Kila moja halizidi GB 1, kwa hiyo harusi imekatika katikati ya ngoma au katikati ya dua, popote faili lilipojaa. Programu ya bure kama HandBrake inayaunga, unachagua sura au dakika unazozitaka, inakutolea MP4. Video ya DVD imebanwa kwa MPEG-2, mtindo wa miaka ya 1990. Ukiibana upya kwa H.264 inachukua nafasi ndogo zaidi na macho ya kawaida hayaoni tofauti. Usisahau kuwasha kichujio cha kuondoa vistari. Kamera zile zilirekodi kila picha kwa nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, na TV za chogo zilizipokea bila taabu. Kwenye kompyuta mchezaji akigeuka ghafla anachanika vistari mwili mzima. (Nazungumzia DVD za nyumbani. Za filamu zina kufuli, na zina wenyewe.)

Faida ya vipande hivi naiona na ninaifurahia. Zamani shangazi aliyeko Maskati alisubiri msafiri ambebee DVD, ifike imekwaruzika, igande pale pale bibi harusi anapofunuliwa shela. Leo kipande kinamfikia kwenye simu kabla chai haijapoa, naye anapiga simu akilia na kucheka.

Lakini katika harusi ya mama mdogo, kati ya dakika ambazo hakuna aliyeziomba, yupo bibi yetu uani, juu ya mbuzi ya nazi. Taa inamfikia, anakunja uso, anasema, “Mwanangu, hebu toa hiyo taa, yaniumiza macho.” Kisha anaendelea kukuna. Hakuwahi kurekodiwa pengine popote. Hayumo ukumbini, hayumo kwenye keki. Wakati watu wanacheza yeye alikuwa anahesabu sahani. Anayechagua vipande humchagua bibi harusi, na ana haki, harusi ni yake. Waliopika hukatwa wote.

Na DVD yenyewe haingoji. Zile zilizochomwa mtaani zimeandikwa kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo huharibika kwa joto na mwanga, hata kama hakuna mkono ulioigusa.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji mwenye kasha la namna hiyo kabatini: kabla hujakata chochote, nakili folda yote ya VIDEO_TS kama ilivyo. DVD ya kawaida ya tabaka moja haizidi GB 4.7, flashi ya GB 64 inabeba harusi zaidi ya kumi, na pilau zake. Weka nakala ya pili kwa ndugu mwingine. Ukimaliza, kata keki, mtumie shangazi.