Pole Haikutosha

Miaka kadhaa iliyopita, nikiishi Tanga, niliombwa niwe mkalimani wa mwalimu mmoja kutoka Uingereza ambaye Kiswahili chake kilikuwa hakijavuka salamu. Asubuhi moja alirudisha gari nyuma bila kutazama, akaiponda baiskeli ya mzee jirani yetu iliyoegemezwa ukutani. Ndiyo iliyokuwa ikimfikisha mzee sokoni na nazi zake. Mwalimu alishuka mbio, uso umemwiva, akasema, "I'm so sorry." Nami bila kufikiri nikatafsiri: "Mzee, anasema pole sana."

Mzee alinitazama mimi, si yeye. "Pole nimekwisha kupewa na wapita njia, mwanangu. Huyu aliyenivunjia baiskeli ana neno gani?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilinirudisha kwenye sarufi. Katika sentensi ya mwalimu, "sorry" ni kivumishi, sawa na "tired" au "hungry". Alikuwa ameeleza hali yake: yeye ni mwenye uchungu. Katika Kiingereza cha kale asili ya neno hilo ni maumivu, nalo ni ndugu wa "sore", neno la kidonda. Mwingereza anayeomba radhi hivyo anakuonyesha kidonda chake. Nani amekisababisha, kivumishi hakisemi. Ndiyo maana kinamfaa aliyekosa na kinamfaa pia aliyekuja msibani. Muktadha ndio unaotenganisha. "Sorry for you" ni huruma. "Sorry for what I did" ni majuto. Tena ukikiweka kabla ya nomino, maana inahama: "a sorry man" si mtu anayejuta, bali mtu duni wa kusikitisha.

Kivumishi hicho kina wenzake. Karani akikwambia, "I'm afraid the office is closed," haogopi chochote. Ameazima neno la hofu ili kulainisha habari mbaya. "Unfortunate" na "regrettable" huenda mbali zaidi: hulipa sifa tukio lenyewe, na aliyelitenda akatoweka katika sentensi.

Sisi tumezoea njia nyingine. Tunaposema "nisamehe", kiambishi *ni-* kinanifanya mimi kuwa mtendwa, na kazi yote imekabidhiwa kwako. Tunaposema "niwie radhi", tunakuomba wewe uwe radhi kwetu. Hali ya moyo wangu haikutajwa hata kidogo. Huenda nina uchungu, huenda sina. Kilichotajwa ni kwamba ninakuhitaji, na kwamba unaweza kukataa. Pole, kwa upande wake, ni zawadi anayopewa aliyeumia. Kumpa pole mtu uliyemuumiza wewe mwenyewe, ukaishia hapo, ni kama kujipanga pamoja na wapita njia.

Nililikumbuka swali la mzee mwaka 2023. Tarehe 31 Oktoba, Mfalme Charles wa Uingereza alizungumza Nairobi kuhusu ukatili waliotendewa Wakenya wakati wa kupigania uhuru. Alitaja huzuni iliyo kubwa kabisa na majuto ya kina kabisa. Vivumishi vilikuwa vizito, na sina sababu ya kudhani kwamba havikutoka moyoni. Lakini ombi la msamaha halikuwamo. Siku iliyofuata, huko Songea, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama mahali panapokumbukwa waliouawa katika Vita vya Maji Maji, akaomba msamaha. Huzuni, hata ikikolezwa namna gani, humwachia msikilizaji kazi ya kuitazama tu. Ombi humpa mamlaka ya kujibu.

Hata hivyo sitaki kuwadhulumu Waingereza. Kivumishi chao kinadai kitu ambacho kitenzi chetu hakidai: kwamba moyo uwe umeguswa kweli. Ni mara ngapi tumesema "samahani" ndani ya daladala huku kiwiko kimeshafika mbavuni mwa mtu?

Narudi Tanga. Ningeweza kumwambia mzee, "Anaomba umwie radhi," mambo yakaisha. Lakini mwalimu hakuwa ameomba; ningekuwa nimemwombea. Nikamweleza kwa Kiingereza kwamba mzee alikuwa akisubiri ombi. Alishangaa, kwa kuwa aliamini ameshaliomba. "Forgive me", aliniambia, kwao ni maneno mazito, ya kanisani na ya makosa yasiyosahaulika. Akanyamaza, akaitazama baiskeli. Kisha akaniuliza yanasemwaje kwa Kiswahili.

Aliyatamka vibaya, silabi zikigongana: "Nisamehe, mzee."

Mzee akampa mkono. "Nimekusamehe. Sasa twende kwa fundi, na wewe ndiye unayelipa."

Hilo nalo nililitafsiri, safari hii bila kupunguza neno. Halafu nikabaki na kosa langu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyekuwa nimelipeleka neno mahali pasipo pake. "Niwie radhi, mzee," nikasema. "Nilitafsiri vibaya."

Akacheka. "Wewe ndiye wa kupewa pole, mwanangu. Kubeba maneno ya watu ni kazi."