Mtoto akichelewa kusema, usingoje

Mwanangu alitimiza miaka 2 akiashiria kwa kidole tu. Majirani wakaniambia, "Mwache, hata babake alichelewa." Sikungoja. Nilimpeleka apimwe masikio kwanza, kwani asiyesikia vyema hataiga maneno. Yake yalikuwa mazima.

Katika umri huo, watoto wengi huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo." Wapo watakaokulaumu kwa kumchanganyia Kikamba na Kiswahili, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Msemeshe umwogeshapo na upikapo. Akisema "ji", mjibu, "Maji? Haya, maji baridi." Kisha nyamaza, umpe nafasi. Usimcheke wala kumlazimisha. Na akipoteza maneno aliyokwisha kuyajua, mpeleke kwa daktari upesi.