Mwendo wa Kawaida

"Mwendo utakuwa wa kawaida tu." Ndivyo alivyotujibu kiongozi wa msafara asubuhi ile mjini Mbarara, nasi tukaridhika, tukavaa kofia zetu ngumu na kuwasha injini. Tulikuwa walimu tisa wa Kiswahili na hisabati, watu ambao kazi yetu ya kila siku ni kumkemea mwanafunzi atumiaye neno pasipo kulipima. Hata hivyo hakuna aliyeuliza: kawaida ya nani?

Ilikuwa Agosti 2022. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Baraza la Mawaziri la Uganda lilikuwa limeidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima mashuleni, na sisi tuliokuwa tukilisomesha somo hili kwa miaka mingi kama watu wanaotwanga maji kinuni tulikuwa na furaha isiyo kifani. Ulipoitishwa mkutano wa walimu Kampala wakati wa likizo, mmoja wetu akatoa shauri kwamba twende kwa pikipiki, sote pamoja, badala ya kubanana ndani ya basi. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita 270 hivi, barabara ya lami tupu. Shauri likapendwa.

Yangu ilikuwa pikipiki ya injini ya sentimita za ujazo 125, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ni mashine ya kunipeleka shuleni na kunirudisha. Mara mbili tatu kwa wiki husimamishwa nayo na akina mama wanaodhani mimi ni wa bodaboda, na siku moja nilimpeleka mmoja sokoni kwa kuona haya kukataa. Wenzangu watatu walikuwa na pikipiki kubwa zaidi, za 250, na mmoja wa hao watatu ndiye aliyekuwa kiongozi. Mimi, kwa kuwa niliwazidi wengi umri, niliombwa niwe wa mwisho ili nichunge mkia.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu. Hadi Biharwe mambo yalikuwa mazuri mno: jua likichomoza mbele yetu, ubaridi ukipenya mikononi, pikipiki tisa zikifuatana kama shanga. Tulipofika Sanga, penye ng'ombe wenye pembe ndefu na miti ya miiba pande zote mbili, ndipo nilipoanza kuona jambo nisilolielewa. Kila penye maduka barabarani pamewekwa matuta. Kiongozi anapunguza mwendo, anayavuka, kisha anafungua mafuta na kurudi kwenye 80 zake. Mimi wakati huo bado ninayumba juu ya tuta la kwanza, nami nawaona wenzangu wakiwa wadogo, wadogo, hata wakawa vitone. Moyo ukaniambia: umeachwa. Nikazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho. Mshale ukasimama kwenye 95, injini ikalia kama mbuzi aliyekamatwa mguu, viganja vikafa ganzi kwa mtikisiko. Nikawafikia, nikapumua, na papo hapo tukaingia kwenye matuta mengine.

Basi ndivyo nilivyosafiri hadi Lyantonde, na baada ya Lyantonde ndipo nilipokaribia kufa. Palikuwa na kona ya kushoto. Macho yangu hayakuwa kwenye kona. Yalikuwa yameshika taa nyekundu ya mwenzangu aliyekuwa mbele, kwa sababu mtu anayefukuza huangalia anachokifukuza. Niliingia kwa kasi iliyonizidi, pikipiki ikanivuta kuelekea nje, nikavuka mstari mweupe, na mbele yangu lori lililosheheni ndizi. Dereva alipiga honi ndefu na kulisogeza lori lake ukingoni. Tulipishana. Sikumwona uso, wala sitamjua kamwe.

Masaka tulisimama kunywa chai. Kiongozi wetu, ambaye si mtu mbaya hata kidogo, akauliza, "Ndugu zangu, sote tu wazima? Mwendo hauna matata?" Tukajibu kwa pamoja kwamba hauna. Nakumbuka sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko za wengine. Magoti yalikuwa bado yananitetemeka chini ya meza.

Baada ya Lukaya barabara hupita Lwera, kwenye kinamasi cha karibu na Ziwa Victoria, pametandazika na kunyooka, na hapo kila mtu huwa hodari. Tukavuka Ikweta pale Kayabwe pasipo hata kusimama kupiga picha. Kisha vikaanza vilima na kona za kuelekea Mpigi. Aliyekuwa mbele yangu alikuwa kijana wa miaka 26, mwaka wake wa pili kazini, mwenye pikipiki ndogo kama yangu. Kwenye kona ya kulia nilimwona akitoka taratibu, kana kwamba kwa hiari yake, kutoka katikati ya njia hadi ukingo wa lami, na kutoka ukingoni hadi kwenye changarawe. Gurudumu la mbele likateleza, naye akaanguka.

Alivunjika mfupa wa mtulinga, akachunika kiganja, na kofia yake ilipata ufa unaoingia ukucha. Usiku nilikaa naye hospitalini. Alipopewa dawa ya maumivu na kutulia kidogo, alinigeukia akaniambia maneno ambayo sijayasahau mpaka leo. "Kaka, tangu Sanga nilikuwa naogopa. Lakini kila nilipotazama kwenye kioo nilikuona uko nyuma yangu, unakuja kwa nguvu, nikajiambia: ikiwa mzee huyu anauweza mwendo huu na pikipiki kama yangu, mimi nitasema nini?"

Kumbe mimi nilikuwa namfukuza yeye, naye alikuwa ananikimbia mimi.

Sikumweleza habari ya lori usiku ule. Nilimweleza baada ya wiki mbili, nyumbani kwao, mkono wake ukiwa bado umefungwa kwa kitambaa shingoni, na alicheka mpaka mtulinga ukamuuma. Mimi sikucheka. Laiti pale Masaka ningalifungua kinywa na kusema neno moja, naye angalisema la kwake. Nina stashahada ya ualimu na zaidi ya miaka 20 darasani, nimekwisha kuwauliza watoto maelfu "Mmeelewa?" na wakanijibu "Ndiyo, mwalimu!" kwa sauti moja, nami najua vyema jibu hilo lina thamani gani. Lakini nilipoulizwa mimi, nilijibu kama mtoto wa darasa la tatu.

Mwenzetu mmoja wa hisabati, aliyekuwa nafasi ya tano katika msafara ule, ndiye aliyetufafanulia ubaoni yaliyotupata. Alisema kosa letu ni kupima nafasi kwa macho badala ya kuipima kwa muda. Ukimfuata mwenzako kwa sekunde 2, kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa sekunde hizo ni mita 44. Mkiwa mnavuka tuta kwa kilomita 20 ni mita 11 tu. Pikipiki tisa zina nafasi nane kati yake, yaani sekunde 16 kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Basi wa mwisho anapovuka tuta, wa kwanza amekwisha kukimbia kwa sekunde 16, na yuko karibu mita 300 mbele. Si kwamba umeachwa. Uko pale pale ulipokuwa, sekunde 16 nyuma, na ukiongeza mwendo taratibu mtarudi mlivyokuwa. Mwenye hofu haoni sekunde, huona migongo ya watu ikififia. Tena, akasema, kila mmoja akichelewa nusu sekunde tu kufungua mafuta, wa tisa amechelewa sekunde 4 za kweli, na hizo atazilipia kwa kukimbia kuliko kiongozi. Hivyo kiongozi anayeona anakwenda 80 hajui kwamba mkia wake unakwenda 95.

Akatuonyesha na jambo jingine. Nguvu inayotakiwa kukushikilia kwenye kona haiongezeki sawa na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wake. Kutoka 60 hadi 80 ni theluthi moja tu ya nyongeza, lakini kona ile ile inakudai karibu mara 1.8. Na breki vilevile: kwenye lami kavu, ukihesabu na sekunde moja ya kushtuka, wa 60 husimama kwa mita 40 hivi, wa 80 huhitaji mita zipatazo 63, na wa 95 hupita mita 80. Nilizitazama tarakimu zile nikaliona lori la ndizi.

Tangu hapo nimejizoeza kuusikiliza mwili wangu, maana mshale wa mwendo hausemi yote. Mabega yakianza kupanda kuelekea masikioni, nimevuka mpaka wangu. Nikigundua kwamba nimebana pumzi kwenye kona, nimevuka. Macho yakiganda kwenye taa ya mwenzangu badala ya kutangulia mbali barabarani, nimevuka zamani. Kwenye lami kavu asubuhi mpaka huo ni 65. Jioni jua likinipiga machoni ni 50. Mvua ikinyesha sina tarakimu, natafuta baraza. Wala si kweli kwamba mwendo mdogo ndio salama siku zote. Sisi walimu hupenda kuwaandikia watoto ubaoni "Mwenda pole hajikwai", lakini aliyetunga methali hiyo alikuwa akimfikiria mtu mwenye miguu miwili juu ya ardhi. Pikipiki ikienda pole mno huyumba, na katika barabara kuu anayejikokota kwa 35 hujiwekea mabasi na malori mgongoni, kila mmoja akitafuta upenyo wa kumpita.

Nayapenda maneno mawili ya lugha yetu ambayo wengi huyachanganya. Kasi naiona ni mali ya mashine. Waweza kuisoma kwenye kioo cha saa yake. Mwendo ni wa mwenye kwenda, na ndugu yake wa damu ni mwenendo. Kiongozi wetu alitutajia mwendo, ilhali kichwani alikuwa na kasi, tena ya pikipiki yake.

Mwaka uliofuata, Agosti 2023, tulikwenda tena. Kwenye kituo cha mafuta, kabla ya injini kuwashwa, kila mmoja alitakiwa kutaja tarakimu kwa sauti. Kulikuwa na kimya kirefu. Nikasema, "Mimi ni sitini na tano, na kwenye kona nitapunguza." Mtu mmoja akaguna. Kisha mwingine akasema sabini. Na yule aliyeguna, mwenye pikipiki ya 250, akakohoa akasema kwamba kwa hakika hata yeye mwaka ule hakuwa na raha, ila alidhani ni yeye peke yake. Tukagawanyika makundi mawili: wanne wa 80 watangulie, na sisi watano tufuate, tukutane Lukaya. Katika kila kundi mwenye mwendo mdogo aliwekwa wa pili, nyuma tu ya kiongozi, ili kiongozi amwone kiooni na kujipima kwake. Mkiani tukamweka aliyezoea safari. Tukaagana kwamba kila mtu amchunge aliye nyuma yake, na asipomwona kiooni apunguze; na kwamba penye njia panda mmoja asimame hadi wa mwisho apite. Baada ya tuta kiongozi haruhusiwi kukimbia mpaka mkia uvuke.

Kwa hesabu ya karatasini, wa 65 huchelewa dakika 47 nyuma ya wa 80 kutoka Mbarara hadi Kampala. Nilimwonyesha kiongozi wetu wa zamani hesabu hiyo, akauliza kwa mshangao, "Ni hizo tu?"

Kijana wetu alikuja. Mama yake alikuwa amekataa, kisha akakubali kwa sharti kwamba apande nyuma yangu. Hilo nalo kijana akalikataa. Alipofikiwa kwenye kutaja tarakimu alisema, "Hamsini na tano hadi nitakapowaambia vingine." Tukamweka wa pili, mimi nikiwa mbele. Alikaa kwenye hamsini na tano hadi Lyantonde, ambapo alinikaribia akanionyesha vidole sita. Tulipovuka Kayabwe akarudi kwenye hamsini, na tulipoikaribia ile kona ya kulia nilimwona kiooni akiinua mkono wa kushoto na kuushusha chini pole pole, kama tulivyofundishana. Nikapunguza hadi 40. Watatu wa nyuma nao wakapunguza. Basi moja lilitupita likipiga honi kwa hasira, abiria wakituchungulia madirishani. Changarawe ilikuwa pale pale ukingoni, na tuliipita kwa hatua nyingi.

Tulifika Kampala wenzetu wa 80 wakiwa wamekwisha kula. Walikuwa wametuwekea ndizi na mchuzi wa karanga, umepoa.