Jumamosi Kisutu na Shemeji Yenu

Najua nimekuwa kimya, lakini na nyie mnajua wiki za UE zinavyokuwa. Mitihani imeisha salama, na Jumatatu naondoka kwenda TP, wiki 8 za chaki na vumbi. Shemeji yenu anabaki Muhimbili na vitabu vyake vya uuguzi. Tukasema tusiagane kwa simu, twende tukatembee na kula mahali ambapo hatujawahi kula. Bajeti ilikuwa shilingi 30,000, masalia ya bumu. Cheka tu, na wewe lako limeishia wapi?

Mimi nikapanda mwendokasi Ubungo, yeye akaja kwa miguu kutoka Upanga, tukakutana kituo cha Kisutu. Mwaka wa tatu huu nipo Dar, na Kisutu nilikuwa naijua kwa kupita tu nikienda Posta. Kumbe ukishuka ukatembea, ni dunia nyingine. Ghorofa za zamani, duka chini, familia juu, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Kuna mahekalu ya Wahindu, kuna Jamatini ya Waismailia, kuna msikiti wa Ithnaasheri, vyote vya kutembea kwa mguu. Ukiteremka mpaka baharini unakutana na kanisa la Kilutheri la Azania Front. Hapo ndipo shemeji yenu anaposali. Mimi, kama mnavyojua, ni mtoto wa Tanga, nimekulia madrasa, na mama yangu alfajiri haijawahi kumpita.

Basi tukaanza na tumbo. Tuliingia mgahawa wa Kihindi ambao haupiki nyama kabisa. Unaletewa sinia la chuma lenye vibakuli vidogo vidogo: dengu, viazi, bamia, mtindi, achari ya embe, wali, na chapati nyembamba ambazo wanakuongezea kila zikiisha. Nikawa nahangaika na kijiko. Mzee mmoja wa Kihindi meza ya pembeni akaniangalia weee, akashindwa kuvumilia: "Kula na mkono bwana, kijiko ya nini?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anacheka. Tangu hapo tukala kama tupo nyumbani.

Mwalimu mtarajiwa nikaanza kutoa somo. Nikamwambia shemeji yenu kuwa chapati, gari, bima na laki ni maneno tuliyoyapata kwa hawa jirani zetu, ila nyumba zao hatuzijui. Akanisikiliza vizuri, halafu akauliza: "Na mimi kwenu nakujua?" Jamani! Nikajifanya naagiza dengu nyingine.

Tulipotoka tukapita mbele ya hekalu, mlango uko wazi. Nikamuuliza mlinzi kama tunaruhusiwa, akasema vueni viatu tu. Ndani kimya, sakafu ya baridi, harufu ya udi na maua. Hatukukaa hata dakika 10. Wakati tunatoka, mama mmoja mtu mzima akatutilia kila mmoja kipande cha tamutamu mkononi. Tukashukuru. Nje, baada ya kona, nikaona shemeji yenu anafungua mkoba taratibu. Kipande chake kimefungwa kwenye karatasi, hajakila. Na mimi changu kiko kwenye leso mfukoni. Mimi nilikuwa namuwaza mama yangu, yeye alikuwa anamuwaza baba yake, mzee wa kanisa kule Moshi. Tulicheka mpaka watu wakageuka.

Halafu akaacha kucheka. Akasema, "Sasa kama kipande cha tamutamu kinatushinda, siku ya posa itakuwaje?"

Tukanunua juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, tukaelekea Mnazi Mmoja bila kuongea. Wanaosoma History mnaukumbuka huu uwanja. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na kwetu Waswahili upande wa Kariakoo, pale ambapo Waingereza waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, kwenye vita ya kwanza ya dunia. Katikati ya Uhindini na Kariakoo wakaacha eneo wazi ili watu wasikaribiane. Mpango ulianza kwa Wajerumani, Waingereza wakauendeleza. Mwaka 1971 serikali yetu ikataifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Wahindi, na Msajili wa Majumba akaanza kuingiza wapangaji wengine kwenye hizo ghorofa. Wapo waliofurahi, na wapo waliofunga mizigo wakaondoka nchini. Leo pale Mnazi Mmoja kila mtu anakatiza tu, na mifuko yake ya Kariakoo.

Tukakaa kivulini. Nikamwambia mwaka huohuo wa 1971 ilipita Sheria ya Ndoa, ambayo inaruhusu watu wa dini mbili waoane kiserikali bila mtu kubadili dini. Nilijiona nimeleta jibu. Akaniangalia kwa huruma. "Sheria ninaijua. Mama yako je, anajua kwamba mimi nipo?"

Wadau, hajui. Miaka 2 nampigia mama kila Ijumaa, nampa habari za mitihani, za chakula, mpaka za paka wa hosteli, lakini huyu binti sijawahi kumtaja. Najiambia namngojea mama awe na wakati mzuri. Ukweli ni kwamba naogopa sauti yake itakavyobadilika. Na yeye shemeji yenu alishamwambia baba yake tangu Krismasi. Mzee hakupiga kelele. Alinyamaza siku 3, siku ya nne akauliza, "Huyo kijana ana adabu?" Hakuwahi kunisimulia hilo mpaka Jumamosi.

Tulimaliza na kachori na bhajia za chatini ya nazi, tukabakiwa na nauli tu. Nilimsindikiza mpaka geti, nikarudi Mlimani nimesimama kwenye basi njia nzima. Usiku nikaikumbuka leso. Nikaifungua, kile kipande kimeshapondeka. Sikukila, lakini kukitupa pia nilishindwa.

Jumatatu basi langu linapita njia ya Tanga. Nimeomba kulala nyumbani usiku mmoja. Baada ya isha mama huwa anakaa barazani na kahawa yake, na mimi nitakaa hapohapo mkekani. Nitaanza na habari ya yule mzee aliyenifundisha kula kwa mkono, halafu nitamwambia nilikuwa na nani. Niombeeni, kila mtu kwa dini yake.